Moshi Usio na Mwenyewe

King'ora kililia tena Kandie akiwa bado juu ya ngazi, uso umekaribiana na kile kidude cha darini kiasi kwamba mlio ulimwingia mpaka kwenye meno. Alikitukana. Alianza kwa Kiswahili, akaona hakitoshi, akamalizia kwa Kitugen, lugha ambayo marehemu mkewe alikuwa akisema imeumbwa kwa ajili ya kufukuzia mbuzi na kutukania mashine.

"Mzee Kandie!" Talam alimpigia kelele kutoka mlangoni kwake, taulo kiunoni, povu la sabuni sikioni. "Huyo mchumba wako wa huko juu mwambie anyamaze! Watu tunaoga!"

"Wewe na kuoga kwako ndio mnaompandisha wazimu. Funga mlango, mvuke unatoka."

"Mvuke wa maji gani? Maji ya moto yalipofika ujia huu mara ya mwisho, mwanangu alikuwa hajaota ndevu!"

Watu wakacheka, milango kadhaa mbele yao. Kandie hakucheka. Redio iliyoning'inia mshipini mwake ilikuwa imeshaanza kuongea, kwa ile sauti ya mwanamke aliyeshiba na asiye na haraka.

"Ujia wa Saba. Mara ya pili. Taja chanzo."

Hiyo ndiyo Pua. Waliojenga Mnara waliipa jina refu la kitaalamu, lakini watu waliohamishiwa humo, baada ya maziwa ya Bonde la Ufa kufurika na kisha vumbi kuifanya nje isikalike, waliiita Pua, na jina likaganda. Kila dari ya makazi ilikuwa na tundu lake, na kila tundu lilikuwa likinusa, usiku na mchana, bila mafua.

"Mvuke," Kandie alisema.

"Chanzo hakilingani."

"Vumbi, basi." Alikuwa ameshafungua kifuniko na kupuliza ndani kwa kile kipira cha mpira walichopewa walinzi wa ujia kama yeye. Vumbi lenyewe lilikuwa haba, la kubahatisha.

"Chanzo hakilingani."

"Buibui." Naye buibui alikuwepo kweli, mkavu, miguu imekunjwa kama mtu aliyekata tamaa. Kandie alimtoa kwa kidole akamwinua mbele ya tundu, utadhani Pua ina macho.

"Chanzo hakilingani."

"Hitilafu!" alifoka. "Hitilafu, hitilafu, mama yangu, hitilafu!"

"Hitilafu imepokelewa. Hesabu ya ujia: mbili."

Talam akakoma kutabasamu na kurudi ndani. Hata yeye, pamoja na mdomo wake, alijua kuhesabu. Mara ya kwanza, ya pili na ya tatu, Pua hulia kisha humsubiri mlinzi aseme. Ya nne haisubiri mtu. Milango yote arobaini ya ujia hujifunga, na ile hewa nzito ya kuzimia moto hushuka kutoka darini. Huzima moto, na huzima kila kinachovuta pumzi. Mwenye miguu mizuri, aliye karibu na mlango, huwahi kutoka.

Tapkigen, mke wa Kandie, hakuwa na miguu mizuri.

Kandie alishuka kwenye ngazi polepole. Miaka mitatu ilikuwa imepita tangu afe. Siku ile alikuwa nje, amejifunga kitambaa puani, akifagia vumbi kwenye paneli za jua. Alipopandishwa, alimkuta mkewe kitandani vile vile alivyomwacha, kibuyu kifuani, kipande cha mti wa senetwet, wa kufukizia kibuyu cha maziwa, kimezimika mkononi. Bodi ya Mnara ilimwita kwenye meza ndefu. Wakamwambia Pua haikukosea, moshi ulikuwepo. Wakamwambia mlinzi alitaja hitilafu mara tatu asubuhi ile, hesabu ikajaa. Uongo mtupu! Mlinzi wa wakati ule alikuwa Chepkonga, mtu aliyelia mazishini kuliko ndugu wa marehemu, na Chepkonga hakuwahi kumtajia Kandie habari ya mara tatu. Wakubwa wakishaua, hutafuta wa kumsingizia. Kisha, kama vile hiyo haikutosha, wakaiandika upya ile sheria ya tangu mwanzo ya kukataza mtu yeyote kuwasha moto chumbani, anayewasha atatolewa kwenda kwenye mahema ya nje, na sheria hiyo wakaipa jina: Kanuni ya Tapkigen. Kwa heshima, walisema. Chepkonga alipokufa kwa kifua, wakampa Kandie kazi yake. Kwa heshima pia.

Kandie hakuwa amesoma. Darasa la nne alilikimbia akachunge. Lakini alijua mtu anayepakwa mafuta kwa mgongo wa chupa anavyojisikia.

*

"Injinia Nafula, hii Pua yenu imeoza," alisema kwenye redio, akiwa ameketi kwenye ngazi ya chini kabisa. "Nimepuliza, nimefuta, nimetoa buibui. Nimekagua nyaya mpaka kwenye kisanduku. Inalia bure."

"Haileti kosa lolote huku, mzee wangu." Nafula alikuwa Kituoni, ghorofa ya chini kabisa, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyelala kidogo. "Inasema imenusa kuni."

"Kuni? Kuni humu ndani? Labda imenusa kichwa cha mwenyekiti wenu."

Nafula alijikaza asicheke, Kandie alimsikia. "Nenda stoo, ghorofa ya pili, chukua kinusio kipya ukibadilishe. Kama ni kifaa kimechoka, itakoma."

"Na kama haikomi?"

"Basi ni moshi."

"Nyinyi mliosoma mna raha. Kitu kikiwa kizima ni chenu, kikiharibika ni chetu."

Akaenda stoo. Mwenye stoo alikuwa na kikao chake cha chai na hakupenda kukatizwa. Akamzungusha, akamwambia vinusio vipya ni vya ghorofa za juu, akamwambia arudi kesho, akampa kimoja hatimaye kwa sura ya mtu anayetoa figo. Kandie alikuwa bado anakifuta vumbi pale pale kaunta king'ora cha Ujia wa Saba kiliposikika kupitia redio, kidogo, kama mbu.

"Ujia wa Saba. Mara ya tatu. Taja chanzo."

Alikimbia. Alikuwa na umri wa kutembea, lakini alikimbia, kinusio kipya kwapani, lifti haifanyi kazi, tangu lini lifti ikafanya kazi? Alipofika juu alihema mpaka akaona nyota. Ujia ulikuwa mtupu. Milango karibu yote imeachwa wazi. Hakuna moshi. Hakuna harufu ya moshi.

"Hitilafu," alisema kwa pumzi iliyobaki, kwa kuwa Pua ilikuwa inasubiri na kusubiri kwake kuna mwisho.

"Hitilafu imepokelewa. Hesabu ya ujia: tatu."

Nafula akaingia redioni mara hiyo hiyo. Sasa hakuwa na usingizi. "Mzee Kandie, nisikilize. Ikishafika tatu Pua hujinoa. Hata sufuria ya ugali ikishika chini itatosha. Hata ule moshi uliokwisha kuingia kwenye mapazia. Watoe wasiojiweza sasa hivi."

"Niwatoe niwapeleke wapi? Ujia wa Sita watu wanalala kwa zamu. Na nikiwatoa, watarudi lini?"

"Watarudi hesabu ikifutwa."

"Ifute, basi! Si wewe injinia?"

"Mimi siwezi. Hakuna anayeweza. Inafutwa na chanzo kinacholingana. Kama ni moshi, inataka jina la aliyeuwasha. Moshi usio na mwenyewe Pua huuhesabu kuwa moto."

"Nani mwenye akili alitunga hayo?"

"Mzee, mwaka jana betri iliwaka Ujia wa Tatu. Uliona ule ukuta."

Aliuona. Ulikuwa mweusi mpaka darini, chumba kimoja tu, kwa kuwa Pua iliuzima moto, na upande wa pili wa ukuta huo, kwenye ujia wa jirani, mtoto wa mtu alikuwa amelala na akaamka salama. Kandie hakupenda kukumbushwa. Ingekuwa rahisi zaidi kama Pua ingekuwa haina faida hata moja.

*

Alianza upya, chumba kwa chumba, na safari hii hakutazama juu. Alinusa mwenyewe.

Sabuni. Hicho ndicho alichokipata. Kwa Talam, sabuni. Kwa yule kipofu Cherutich, sabuni, na sakafu ingali na maji. Kwa akina Barsulai, sabuni ya unga, ile ya kufulia, imemwagwa tu kavu mlangoni. Ujia mzima ulikuwa umepiga deki asubuhi moja, watu ambao kwa kawaida hugombana kuhusu zamu ya kufagia.

"Leo mmekuwa wasafi," alimwambia Talam.

"Usafi ni kitu kizuri," Talam alijibu, akitazama kucha zake.

"Nani amewasha kitu humu?"

"Hakuna."

"Talam, tupo kwenye tatu."

Macho ya Talam yaliteleza, kwa sekunde tu, kuelekea chumba cha kumi na tisa, kisha yakarudi kwenye kucha. "Nimesema hakuna, mzee. Wewe kagua huko juu. Huko ndiko kazi yako."

Chumba cha kumi na tisa kilikuwa cha Kobilo, bibi wa kifua kibovu ambaye ujia mzima ulimwita gogo, yaani nyanya kwa Kitugen. Taulo mbichi lilikuwa limelazwa kizingitini. Kandie alilivuka. Ndani, Jelagat, mke wa mwana wa Kobilo, alikuwa amelala chali na mtoto mchanga ubavuni. Alikuwa amepasuliwa wakati wa kujifungua na bado hakuweza hata kugeuka. Kobilo mwenyewe alikuwa ameketi kwenye kigoda katikati ya chumba, leso mbili zimetandazwa kumzunguka mpaka sakafuni kama kuku anayeatamia.

"Karibu, mwanangu," alisema kwa sauti nyembamba.

"Shikamoo, gogo. Naomba usimame kidogo niweke ngazi."

"Miguu inaniuma."

"Nitakuinua."

"Usiniinue!" Kisha uso wake ukajikunja, machozi yakamtoka, na kutoka chini ya leso uzi mwembamba wa moshi ukapanda, ukapinda, ukatafuta njia.

"Gogo, unaungua."

"Siungui."

"Unaungua, mama, leso imeanza kutoboka!"

Aliruka akamnyanyua, wakakanyaga pamoja, Kobilo akilalamika kwa maumivu na kwa aibu, na Kandie akavua koti lake na kulitupa juu ya kile kikopo cha bati kilichokuwa na kipande cha mti kinachofuka. Kibuyu kilibingirika mpaka chini ya kitanda. Wote watatu waliinua macho kwenye tundu la dari. Walikaa hivyo, vichwa juu.

Tundu halikufanya kitu. Koti lilikuwa nene. Au bahati tu.

"Mmeniendesha asubuhi nzima," Kandie alisema. "Nimepanda na kushuka kama nyani. Ujia mzima mnajua! Ujia mzima mnaniangalia napuliza buibui!"

"Mwanamke aliyejifungua atakunywa nini?" Kobilo alisema. "Maziwa ya mgao, yale ya pakiti, yana ladha ya ndoo. Maziwa yetu ya kuganda, mursik, hayawi mursik bila kibuyu kufukizwa. Mama yangu alinipa mimi, nami nisimpe huyu? Tatizo ni huu mti, ni mbichi, ulinizimikia mara mbili, nikaanza tena."

"Ungeniambia. Ningekupeleka hata kule kwenye mitambo ya maji, hakuna tundu."

Kobilo alimtazama kana kwamba amesema jambo la kipumbavu. "Wewe? Nije kwako, wewe Kandie, nikuonyeshe kibuyu na mti wa senetwet? Baada ya ile siku? Tulikubaliana zamani, ujia mzima. Hakuna kukuonyesha. Tukifukiza, tunafunika, tunapiga deki, harufu isikufikie. Tulikuwa tunakuhurumia, mwanangu."

Miaka mitatu Kandie alidhani watu wameacha. Miaka mitatu hakuna aliyemkaribisha maziwa, naye akahesabu hiyo kuwa kazi ya Bodi.

"Basi yameisha," Kobilo alisema, akipangusa macho. "Sema hitilafu, twende zetu."

"Nimeshaisema mpaka imekwisha. Sasa inataka jina."

"Wacha! Chepkonga, Mungu amrehemu, alijua kuilaghai. Yule alikuwa mlinzi na nusu. Hakumtaja mtu hata siku moja. Hata asubuhi ile ya Tapkigen alisema hitilafu mara ya kwanza, akasema mara ya pili, akasema mara ya tatu. Alimwonea huruma, asitolewe nje na miguu yake ile. Mpaka mwisho hakum..."

Hapo akajisikia. Mkono ukapanda mdomoni, lakini maneno yalikuwa yameshatoka.

Jelagat aligeuza uso ukutani.

Kandie aliketi kwenye kigoda, kilichokuwa bado cha moto. Alimwona Chepkonga mazishini, jinsi alivyolia, jinsi alivyokataa kumtazama. Alijiona yeye mbele ya meza ndefu, akiwaita wale watu waongo, wauaji, akitema mate sakafuni. Walikuwa wauaji. Nani hutengeneza kitu kisichosubiri? Nani huweka uhai wa mtu kwenye hesabu ya tatu na nne? Hilo hakuliondoa moyoni, na hakuna ambaye angelimwondolea. Lakini waongo hawakuwa.

*

"Injinia," alisema kwenye redio. "Nina chanzo. Ni mimi."

"Mzee?"

"Andika mimi. Mimi ndiye niliyewasha. Nilikuwa najaribu kinusio."

Pua ndiyo iliyojibu. "Chanzo hakilingani."

"Beji yako ilikuwa stoo mara ya tatu ilipolia," Nafula alisema taratibu. "Inajua ulipo, mzee wangu. Usipoteze muda. Tafadhali. Huku naona sindano ya kipimo inacheza."

Kandie alimtazama Kobilo. Alijua mahema ya nje yalivyo. Alifagia paneli karibu nayo. Upepo hukaa humo kama mpangaji. Mtu mwenye kifua kizima hukohoa wiki ya kwanza. Mwenye kifua kama cha Kobilo hafiki mbali.

Kobilo naye alikuwa ameelewa. "Kandie," alisema, na sasa hakumwita mwanangu. "Huwezi. Nilimwosha mkeo. Kwa mikono hii."

"Najua."

"Sisi tutakaa bila kupika. Tutakaa gizani. Tutanyamaza, sote, mpaka isahau."

"Haisahau, gogo."

"Basi wahamishe hawa, mimi nibaki."

"Hawa tu? Na Cherutich? Na watoto wa Barsulai? Leo niwahamishe, na kesho?"

Mtoto alianza kulia, kilio kidogo cha siku za kwanza, kama mlango unaokwaruza. Kandie alitazama tundu. Aliinua redio mdomoni.

"Kobilo Chesang," alisema. "Chumba cha kumi na tisa. Alikuwa anafukiza kibuyu cha mkaza mwana wake. Ni moshi wake. Una mwenyewe."

"Chanzo kinalingana," Pua ilisema. "Hesabu ya ujia: sifuri."

Nafula akakohoa redioni. "Ahsante, mzee Kandie. Watu wa kumchukua watapanda jioni. Pole sana."

"Usinipe pole. Niambie kitu kimoja. Hiyo kanuni yenu ina jina la mke wangu. Litoeni."

"Mzee..."

"Isitoe watu nje kwa jina lake. Hata mbuzi hakuwahi kumfukuza. Iiteni jina la mwenyekiti. Iiteni jina langu, mimi ndiye niliyeitumia leo."

Redio ilikwaruza. "Sina mahali pa kuliandika hilo," Nafula alisema. "Nimetafuta. Mfumo hauna mahali."

"Aliyeutengeneza ana mahali. Mwambie."

Akaizima redio, jambo lililokatazwa. Akainama, akaanza kukunja blanketi la Kobilo, kwa kuwa lazima mtu amfungashie, lakini bibi alimnyang'anya.

"Usiguse," alisema. Akalikunja mwenyewe, vibaya, akisimama kila mara kuvuta pumzi. "Tapkigen asingenitaja."

"Asingekutaja," Kandie alikubali. "Wala Chepkonga."

Alitoka na ngazi yake begani. Habari ilikuwa imemtangulia. Katika ujia ule habari haikuhitaji miguu. Talam alikuwa amesimama mlangoni kwake, amekwisha kuvaa shati, na kwa mara ya kwanza tangu Kandie amfahamu hakuwa na neno la mzaha. Alimtazama tu. Kisha akashika mlango wake kwa mkono na kuufunga. Mlango wa pili ukafungwa, na wa tatu, na ule wa Barsulai, mmoja baada ya mwingine mbele yake kadiri alivyotembea, mpaka mwisho wa ujia, na si Pua iliyoifunga.